Software iliyoficha settings za Auntie Perez, na kilichonipeleka Lambwe siku ya Sabato

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo.

Humu ndani huwa nasoma tu na kuondoka, lakini wiki hii nimekasirika hadi nikaanza kutafuta password niliyokuwa nimeisahau. Nitaeleza jambo lilivyotokea bila kuongeza chumvi. Nilichoona nitasema niliona, na nilichoambiwa nitasema niliambiwa.

Hasira yangu inahusu kitu ambacho wengi wenu mtakiona kidogo: mahali ambapo software inaweka settings zake.

Ndiyo, settings. Msicheke bado.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa kuzunguka. Shule niliacha Form Two, na tangu hapo nimepakia miwa Awendo, nimeanika omena, wale dagaa wa ziwani, Muhuru Bay, nimeuza viatu vya mtumba Migori. Nikikaa mahali kwa muda, miguu inaanza kuwasha. Lakini nikiona kitu kinafanya kazi, lazima nijue kinafanyaje. Nimefungua redio, nimefungua pampu ya maji, na nilipofungua mizani ya samaki, mwenye mizani alinifukuza ufuoni nikiwa bado nimeshika spring mkononi.

Kompyuta nilijifunzia kwa Auntie Perez.

Auntie Perez si shangazi yangu wa damu. Ni mama wa makamo, Msabato, mzaliwa wa bonde la Lambwe, na alikuwa na chumba kidogo Migori cha kuchapa na kuprint. Kazi yake kubwa ni programu za mazishi. Mnajua kwetu hakuna mazishi bila kile kijitabu: picha ya marehemu mbele, ratiba ndani, historia ya maisha, halafu majina ya watoto, wajukuu na mashemeji, na ole wako uruke jina la mke wa pili.

Kisha Auntie akapata stroke. Mkono wa kulia ukalala kabisa. Watu wakadhani atafunga.

Hakufunga. Alirudi akaketi pale pale, mkono wa kulia ameupakata kama mtoto mchanga, wa kushoto ukiwinda herufi moja moja.

Siku niliyoingia pale mara ya kwanza nilitaka tu kuprint picha. Nikamwona anavyohangaika na zile button za kubonyeza mbili kwa pamoja.

"Auntie, nikusaidie?"

"Unajua kuchapa?"

"Sijui."

"Basi nisaidie kungoja."

Nikangoja. Kesho yake nikarudi kungoja tena, na mwishowe nikawa mtu wa pale, wa kukata karatasi, kubana stapler, na kuuliza maswali mengi kuliko anayoweza kujibu.

Sasa tuje kwenye software.

Nikiwa napekua mtandaoni kwa simu, nikakutana na software moja ya bure. Jina silitaji, maana sitaki kuitangaza wala kushtakiwa. Inakaa juu ya Windows na kuiongezea uwezo. Inakupa button kubwa kando ya screen. Ukisukuma mouse hadi kona fulani, inafanya kazi uliyoipangia, kama kusave au kuprint. Na kubwa zaidi, unaandika herufi mbili tatu, nayo inazigeuza kuwa sentensi nzima.

Nikasema, hii imetengenezwa kwa ajili ya Auntie hata kama mwenye kuitengeneza hamjui.

Tukaiweka. Siku hiyo ya kwanza tuliiwekea vifupisho vichache tu. Herufi "mz" zikawa "Mazishi yatafanyika nyumbani kwa marehemu". Kona ya juu kushoto ikawa kuprint. Auntie akajaribu, printer ikaanza kunguruma, akanitazama kana kwamba nimemtoa sungura kwenye kofia.

"Odhis, hii imejuaje?"

"Inasoma faili, Auntie. Kila kitu unachoiambia inaandika kwenye faili moja."

Kwa sababu hicho ndicho kitu cha kwanza nilichotafuta: inakumbuka vipi? Nikafungua folder ya software, nikakuta faili la settings. Nikalifungua kwa Notepad, nikaona maandishi ya kawaida tu. Upande mmoja "mz", upande wa pili sentensi yake. Safi. Niliipenda hiyo software kwa sababu ya lile faili. Nilidhani ni kitu kisichoficha mambo.

Nilidhani.

Baada ya hapo Auntie akaichukua kuwa yake. Mimi nilisafiri kidogo, nikaenda Muhuru, nikarudi, nikakuta ameongeza vifupisho hadi mimi mwenyewe sivijui. Alikuwa na herufi za kila ukoo, za kila kanisa, za kila chief. Akichapa, mkono wa kushoto ulikuwa unaruka kwenye keyboard kama mtu anayechuma mboga, na ukurasa unajaa. Wateja walikuwa wanasimama nyuma yake kuangalia tu.

Wakuu, huo haukuwa urembo wa desktop. Ulikuwa mkono wake wa kulia.

Mwaka huu Auntie aliamua kuhamia Homa Bay, kwa sababu mwenye nyumba Migori alitaka kubomoa vile vyumba. Binti yake Lavender, ambaye anafanya kazi Kisumu, hakutaka. Alitaka mama afunge biashara akaishi naye. Walibishana kwenye simu mbele yangu, na mwisho wakakubaliana hivi: mama ajaribu Homa Bay, lakini ikionekana hawezi, Lavender anakuja na gari kumchukua, na hakuna maneno tena.

Auntie akanunua kompyuta nyingine, ex-UK, yenye nguvu kidogo. Ile ya zamani akaamua kuipa kanisa lake la nyumbani Lambwe, vijana wajifunzie.

Kabla haijaondoka, nilihamisha kila kitu. Documents zote, picha zote, na folder nzima ya ile software pamoja na faili lake la settings. Nikalifungua lile faili kuhakikisha. Nikaona "mz". Nikaona kona ya kuprint. Nikafunga, roho safi. Watu wa kanisa wakaja na pickup, wakaifunga kompyuta kwa leso, wakaenda nayo.

Homa Bay, siku ya kwanza ya kazi, ikaja familia moja yenye msiba. Mzee wao alikuwa bado mochari na walitaka kijitabu siku hiyo hiyo. Auntie akaketi, akavuta pumzi, akaandika herufi zake.

Zikabaki herufi.

Akajaribu nyingine. Zikabaki herufi. Akaandika "mz", ikaja sentensi. Akajaribu ya ukoo wa marehemu, hakuna kitu. Button kubwa alizokuwa amejipangia hazipo. Kona ya kuprint ipo, lakini kona nyingine tatu alizojiwekea mwenyewe zimekufa.

"Odhis, umeleta nusu."

"Nimeleta yote, Auntie."

"Basi mimi ndiye nusu."

Alianza kuchapa herufi moja moja. Mtoto wa marehemu alikuwa amesimama pale akitazama saa ya simu. Auntie akakosea jina, akafuta, akakosea tena. Jasho likamtoka. Mwishowe yule kijana akasema kwa adabu kabisa, "Mathe, usijali, tutatafuta pengine," akachukua picha ya baba yake mezani wakaondoka.

Ile adabu ndiyo iliyoumiza. Angetukana ingekuwa afadhali.

Jioni Lavender akapiga simu. Sijui nani alimwambia. Nilisikia sauti yake hadi nilipokuwa nimesimama mlangoni. "Mama, tulikubaliana. Jumapili nakuja."

Auntie hakubisha. Alisema tu, "Sawa, nyathina." Mtoto wangu. Halafu akaanza kupanga zile karatasi zake kwa mkono mmoja, kama mtu anayefunga mizigo.

Sasa wakuu, hapo nilianza kuuliza watu, na mnajua watu wa kompyuta walivyo. Fundi mmoja pale Homa Bay akaniambia, "Hukufanya backup." Nikamwambia nilifanya. Akasema, "Basi hukufanya vizuri." Mwingine kwenye group ya WhatsApp akaandika kwamba watu wasiosoma waache kugusa settings. Sawa. Nikanunua bundles nikaenda kuketi kando ya ziwa na simu.

Nilipekua mchana wote. Jibu nililipata kwenye website ya software yenyewe, chini kabisa, chini ya mahali wanapoomba mchango, kwenye maandishi madogo. Swali limeandikwa: settings zangu zinawekwa wapi? Jibu linaanza na neno moja ambalo lilinitoa machozi ya hasira.

"Inategemea."

Inategemea! Niwaeleze kwa Kiswahili rahisi, kwa sababu mimi ilinichukua muda kuelewa.

Software za kawaida huwekwa kwenye folder kubwa inayoitwa Program Files. Hiyo folder Windows imeifunga; mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuandika humo. Sasa ile software ni ya kizamani, inataka kuandika faili lake humo humo. Windows ingepaswa kusema, hapana, huruhusiwi. Haisemi. Inaitikia "sawa", inachukua ile settings, na kwenda kuiandika kwenye nakala nyingine ya faili, iliyofichwa ndani kabisa ya account ya mtumiaji, kwenye folder ambayo kwa kawaida hata haionekani. Inaitwa VirtualStore. Software ikirudi kusoma, Windows inaipa ile nakala ya mafichoni. Software inaamini. Kila mtu anafurahi.

Lakini wewe ukienda kwa mguu wako kufungua folder, unaonyeshwa faili la zamani. Jina ni lile lile. Mahali ni pale pale. Limeganda siku uliyoinstall.

Siku ile ya kwanza software ilikuwa imefunguka kwa ruhusa ya installer, ndiyo maana vifupisho vyetu vichache viliingia kwenye faili la kweli. Baada ya hapo, kila kitu alichoongeza Auntie, kila ukoo, kila kona, kiliingia kwenye faili la kivuli. Ndiyo maana nilipofungua nikaona "mz" na nikatulia. Nilionyeshwa ukweli kidogo wa kutosha kunidanganya.

Kama faili lingekuwa tupu ningeshtuka. Kama lisingekuwepo ningelitafuta. Waliniachia linalofanana!

Na yule mtengenezaji anajua. Ameandika mwenyewe. Ameandika mahali ambapo mtu hufika akiwa tayari ameumia.

Nikasimama pale ziwani nikiwa na wazo moja tu: faili la kivuli bado liko ndani ya ile kompyuta ya zamani. Na ile kompyuta iko Lambwe.

Nikampigia mzee wa kanisa, Jaduong' Nashon, ambaye ndiye aliyekuja na pickup. Ilikuwa Ijumaa alasiri.

"Kompyuta iko salama," akasema. "Imefunikwa. Kuna fundi anakuja kesho jioni kuisafisha."

"Kuisafisha vipi, Jaduong'?"

"Kuipiga format. Kitu cha kupewa husafishwa kwanza, si ndiyo?"

Wakuu, hii ndiyo tabia yetu huku, na nitaisema hata mkinikasirikia. Kompyuta ikiwa nzito, format. Ikiwa na virusi, format. Ikipata mwenyewe mpya, format, kama vile tunavyopiga deki nyumba kabla ya kuhamia. Hakuna fundi anayeuliza kilichomo zaidi ya Documents na picha.

Nikaanza kumweleza Jaduong' asiiguse. Simu yake ikakata. Nikapiga tena, mteja hapatikani. Nikaangalia juu, jua lilikuwa linashuka. Sabato ilikuwa inaingia, na mzee wa kanisa alikuwa amezima simu hadi kesho jioni. Nilipofika kwa Auntie, yake pia ilikuwa imezimwa na yeye ameshika lesson yake, kile kijitabu cha masomo ya Sabato.

Nikamweleza. Alisikiliza, halafu akasema, "Leo sitaki habari ya kazi, Odhis. Umeniambia, nimesikia. Sasa mwachie Mungu."

Mimi nililelewa Mkatoliki. Jumamosi asubuhi nikapanda nduthi, pikipiki ya abiria, kwenda Lambwe.

Barabara ilikuwa vumbi tupu. Nilifika wakiwa bado kwenye masomo ya asubuhi, nikakaa benchi la nyuma na uso mwekundu kama matofali. Kupitia mlango wa chumba kidogo cha pembeni niliiona. CPU ya Auntie, juu ya meza, imefunikwa kitambaa cheupe chenye maua, na monitor kando yake. Ilikuwa karibu kiasi kwamba ningeweza kuihesabu vitundu.

Ibada ilipokwisha nikamkimbilia Jaduong' Nashon. Ni mtu mrefu, mwenye suti ya kahawia na sauti ya kutuliza ng'ombe.

"Jaduong', nataka kuiwasha dakika chache tu. Nitoe faili moja."

"Baada ya jua kuzama."

"Ni faili la Auntie Perez. Binti wa hapa."

"Namjua Perez kabla hujazaliwa. Ni Msabato. Angekuwa hapa angekuambia usubiri."

Nikatumia silaha ya mwisho. Nikamkumbusha habari ya ng'ombe aliyetumbukia shimoni siku ya Sabato, kwamba huyo huokolewa.

Akanitazama juu hadi chini. Akina mama waliokuwa wakipanga sufuria za chakula wakageuka kusikiliza.

"Huyo ng'ombe wako yuko ndani ya hiyo kompyuta?"

"Ndiyo, Jaduong'."

"Analia?"

"Hapana, lakini..."

"Amezimwa?"

"Ndiyo."

"Basi amelala. Njoo ule."

Akina mama wakacheka hadi mmoja akashika kiuno. Nikala. Wali, maharagwe, sukuma. Chakula kizuri na sikukisikia ladha.

Alasiri ile ilikuwa ndefu kuliko kipindi chochote nilichowahi kukaa darasani. Watoto waliimba. Vijana walifanya maswali na majibu. Mimi macho kwenye kile kitambaa cha maua.

Halafu akaja.

Fundi mwenyewe, jamaa wa rika langu anayeitwa Oti, na begi mgongoni. Alikuwa amewahi, kwa sababu alitaka kumaliza mapema na kurudi Mbita. Si Msabato. Aliingia moja kwa moja kuelekea kile chumba, mkono tayari kwenye zipu ya begi.

Nikasimama. Lakini kabla sijasema neno, Jaduong' Nashon alikuwa mbele yake.

"Baada ya jua kuzama."

"Mzee, ni kuweka tu flash na kubonyeza. Itajipiga format yenyewe. Mimi hata sitakuwa nafanya kazi."

"Itakuwa inafanya nani?"

"Mashine."

"Mashine ni ya kanisa. Nayo inapumzika."

Nilikuwa nimemkasirikia yule mzee tangu asubuhi. Ningeweza kumbusu.

Kwa hivyo tukaketi, mimi na Oti, benchi moja, tukingojea jua lile lile. Akatoa flash yake ya Windows, akawa anaizungusha vidoleni.

"Omera, ndugu, wewe umekuja kufanya nini?"

Nikamweleza yote. Auntie, mkono, herufi, faili la kivuli. Mwanzoni alikuwa anatabasamu kama mtu anayesikiliza hadithi ya mlevi. Nilipofika kwenye faili lenye jina lile lile, akaacha kuizungusha ile flash.

"Ngoja. Ukifungua folder unaliona?"

"Unaliona."

"Na si lenyewe?"

"Si lenyewe."

Akairudisha ile flash kwenye begi.

"Mimi huwa nachukua Desktop, Documents, Downloads na Pictures," akasema. "Nawaambia watu, vitu vyenu vyote viko hapa." Akatazama mikono yake. "Nimepiga format mashine ngapi hii Homa Bay yote, bana?"

Kusema kweli sikumkasirikia hata kidogo. Yeye pia alionyeshwa folder akaambiwa ndiyo hii.

Jua likazama nyuma ya vilima. Wakaimba wimbo wa kufunga, beti zote, hawakuruka hata moja. Jaduong' akaomba. Aliombea wagonjwa, wasafiri, mvua, wanafunzi, na mwisho kabisa akaombea "ng'ombe aliyelala ndani ya mashine." Amina ikaitikiwa kwa kicheko.

Halafu akainua kitambaa mwenyewe, akakikunja vizuri, akasema, "Haya."

Nikaiwasha. Account ilikuwa ile ile ya Auntie, hakuna aliyeigusa. Oti ndiye aliyebonyeza pale pa kuonyesha folder zilizofichwa. Tukaingia ndani, na ndani, na ndani tena. VirtualStore. Folder ya software. Faili la settings.

Lile nililobeba kutoka Migori lilikuwa linaisha kabla ya kujaza screen. Hili tuliliteremsha, tukateremsha, na bado linaendelea. Koo za Kanyamwa na Gwassi. Majina ya makanisa. Sentensi za Kiluo ambazo Jaduong' alianza kuzisoma kwa sauti nyuma yetu, zile za kumsindikiza marehemu, na akina mama wakasogea mlangoni.

Safari hii nililisoma hadi mstari wa mwisho. Sikutaka kudanganywa tena na mistari ya juu.

Mstari wa mwisho ulikuwa wa herufi mbili, "mk". Auntie huwa anajibu wateja WhatsApp kutoka kwenye kompyuta, na hiyo ndiyo aliyojiwekea kuwatuliza:

"Nipe muda, mkono wangu uko njiani."

Oti alisoma, akageuka akatazama ukutani.

Nililiweka kwenye flash, nikajitumia kwa email, na Oti akaliweka kwenye flash yake pia, ile ile aliyokuja nayo kufuta. Kisha nikamwambia sasa piga format yako. Akasema hapana, kwanza anataka kuangalia kila kitu kilichomo.

Jumapili asubuhi gari la Lavender lilikuwa mlangoni kabla yangu. Mabegi mawili ya Auntie yalikuwa tayari kwenye buti. Auntie mwenyewe amevaa nguo ya safari, ameketi mbele ya kompyuta iliyozimwa, kama mtu anayeaga.

Sikusalimia vizuri, na namwomba Lavender msamaha hapa. Nilienda moja kwa moja. Niliitoa ile software Program Files, nikaiweka kwenye folder yake peke yake, isiyofungwa, ambapo Windows haina sababu ya kudanganya mtu. Nikaweka faili lake kando yake. Nikafungua Notepad, nikaongeza neno moja kwa mkono, nikaona software imelisoma. Hapo ndipo nilipoamini.

"Auntie, jaribu."

"Nijaribu nini, Odhis? Mtoto ameshapakia mizigo."

"Herufi zako tu."

Aliweka mkono wa kushoto kwenye keyboard. Akaandika mbili. Ikaja sentensi. Akaandika nyingine. Ikaja. Akasukuma mouse kona ya chini, ukurasa ukajigawa mara mbili kama kijitabu. Aliendelea tu, haraka, haraka zaidi, hadi ratiba nzima ya mazishi ya mtu asiyekuwepo ikajaa kwenye screen, halafu akasukuma kona ya juu kushoto na printer ikanguruma.

Lavender alikuwa amesimama mlangoni na funguo za gari. Nadhani alikuwa hajawahi kumwona mama yake akifanya kazi tangu augue. Alikuwa amesikia tu kwenye simu.

"Mama, hiyo yote ni wewe?"

"Ni mimi. Sehemu moja ilikuwa Lambwe."

Lavender akachukua ule ukurasa kwenye printer, ungali moto, akausoma wote. Halafu akaenda kwenye buti akatoa begi la kwanza.

Wakuu, ingeishia hapo ningekuwa mtu wa furaha. Lakini nilimwandikia yule mtengenezaji wa software. Nilieleza kwa heshima, Kiingereza changu hiki cha Form Two. Nikamwomba kitu kimoja tu: kwenye window ya settings aweke mstari mmoja unaosema faili lako la kweli liko hapa. Mstari mmoja.

Alijibu. Alishukuru kwa kutumia software yake, akasema inafanya kazi kama ilivyokusudiwa, na maelezo yapo kwenye website.

Kama ilivyokusudiwa! Mama mwenye mkono mmoja ameketi mabegi yake yakiwa tayari kwenye gari, na kila kitu kimefanya kazi kama kilivyokusudiwa.

Nilichojifunza nakisema hivi. Kuliona faili hakumaanishi unayo settings zako. Badilisha kitu kimoja kidogo ndani ya software, halafu nenda ufungue faili unaloliamini uone kama limebadilika. Kama halijabadilika, hilo si lako, lako liko mahali pengine, litafute leo wakati mashine bado iko mezani kwako. Na nyinyi mafundi, kabla ya format, mwulizeni mtu anaitumiaje hiyo kompyuta, si picha zake ziko wapi tu.

Kuna mmoja hapa ataandika kwamba hii kila mtu anaijua. Sawa mkuu, ulimwambia nani?

Wengine karibuni, semeni. Kuna aliyewahi kupoteza kitu kwa njia hii? Kuna anayejua software nyingine zenye tabia hiyo, tuzitaje waziwazi ili watu wajihadhari?

Auntie Perez anausoma uzi huu kutoka Homa Bay, nimemfungulia account yake. Mkiwa na swali kuhusu vile anavyochapa, mwulizeni mwenyewe. Na mkiona jibu lake limeanza na "Nipe muda", msikasirike. Ni herufi mbili tu amebonyeza, na mkono kweli uko njiani.